Mwosha Mwenye Ndevu

Kabla hujakunja mkono wa gauni uchomwe sindano, uliza: itanifanya nini? Ukijibiwa "itakusaidia", uliza tena. Hata maji ya mtungini yanasaidia. Uliza itakufanya nini, wala usinyanyuke kwenye kiti cha daktari mpaka umejibiwa kwa maneno unayoyaelewa. Mimi nilinyanyuka. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Siandiki kwa usomi. Kusoma nimejifunza nikiwa na wajukuu tayari, kwenye kisomo cha watu wazima, ile miaka ya Ujamaa, katika ofisi ya tawi hapa Cheyo, Tabora. Walitukalisha madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Aliyekaa dawati moja nami alikuwa shoga yangu, nitamwita Zamda. Jina lake si hilo. Kwao ni Waarabu wa Mtendeni, wenye duka. Mimi ni Mnyamwezi wa Kwihara, mtoto wa jembe. Lakini tulizaa pamoja na tukanyonyesha pamoja. Bintiye Rukia, Zamda alipougua baada ya uzazi, nilimnyonyesha mimi miezi mitatu, ziwa la kushoto, maana la kulia lilikuwa la mwanangu. Kwa hiyo Rukia ananiita mama, na hakuna anayeshangaa.

Kazi yangu nje ya shamba ilikuwa kuosha maiti wa kike. Nilikabidhiwa na mama yangu mkubwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini mwanamke wa Kiislamu akifa Cheyo au Mtendeni niliitwa mimi. Mwosha ana sheria moja inayopita zote: ulichokiona juu ya kitanda cha kuoshea kinabaki pale pale. Ukiona kovu, hukuliona. Ukiona alama ya fimbo ya mume, hukuiona. Ndivyo nilivyofundishwa, na niliishika sheria hiyo kama ninavyoishika sala.

Mimi na Zamda tuliahidiana tangu tungali vijana: atakayetangulia, mwenzake amwoshe.

Kivimbe nilikiona nikioga, wakati wa kupalilia karanga. Nikasema nitavuna kwanza. Nikavuna, nikapukuchua, nikasema nitauza kwanza. Huo ujinga ni wangu, usiuige. Mwishowe nikapandishwa treni kwenda hospitali ya mbali, na ziwa la kushoto likakatwa. Nilipozinduka niliuliza swali moja tu: mmelizika wapi? Mimi ni mwosha, najua kiungo cha mtu hakitupwi kama maganda ya mhogo. Nesi alinitazama kama niliyerukwa na akili. Mpaka leo sijajibiwa.

Nikarudi Tabora na karatasi. Kwa hiyo karatasi nikapelekwa kwa daktari wa hospitali nyingine, ambayo siitaji. Alikuwa mgeni, Kiswahili chake ni jambo na kwaheri. Pembeni alisimama nesi mwenye umri wa binti yangu wa mwisho, adabu zake zimejaa pomoni: shikamoo yake alipiga na goti. Daktari akasema maneno marefu. Alihesabu kwa vidole. Alijishika kidevu. Akajigusa koo. Nikadhani anawashwa.

Nesi akanigeukia. "Mama, daktari anasema hii sindano ni ya kuzuia ugonjwa usirudi. Itakusaidia."

"Maneno yote yale ndiyo haya?"

"Ndiyo, mama."

Nikakunja mkono wa gauni.

Sindano ilikuwa moja kila mwezi. Ya kwanza nilichomwa mvua za kwanza zikiwa zimelowesha vumbi tu. Ya tatu ilikuwa wakati wa uyoga, na hapo ndipo sauti ilipoanza kunikimbia. Siku hiyo kisomoni ilikuwa zamu yangu kusoma ubaoni. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti nene, yenye mikwaruzo, kama mlango wa ghala. Mwalimu akaangalia nyuma yangu amtafute mwanamume aliyesoma. Darasa zima likacheka, mimi nikacheka nao. Nilisema ni mafua.

Hayakuwa mafua. Mjukuu wangu mdogo alinisikia ukumbini akasema, "Babu, nimemaliza uji." Babu yake alikuwa Kwihara siku hiyo.

Sindano ya tano, wakati wa mahindi mabichi, ndevu zikaota. Nasema ndevu, si vinyweleo. Kidevuni na juu ya mdomo. Uso ukajaa chunusi kama wa mvulana, nywele za utosini zikapungua, miguu ikavimba hadi kandambili hazinienei. Kwenye benchi la kungojea hospitalini, wanawake walikuwa wakisogea. Hakuna aliyenitukana. Walisogea tu, mmoja mmoja, mpaka napata benchi peke yangu, na huko nje watu wamesimama juani. Nikajifunza kutandaza khanga yangu na kukaa katikati kwa raha zangu. Kama hamtaki kukaa, simameni.

Na liko jambo jingine. Wanawake wenzangu mtanisamehe, lakini nimeapa kutoficha. Hamu. Mimi bibi wa wajukuu tisa, niliyekwisha kulisahau jambo hilo, liliniamkia kama moto wa nyasi. Nilidhani nimerogwa. Nilimficha mume wangu wiki nzima, nikalala nimegeukia ukutani. Siku aliyofahamu, Baba Shabani alikaa kitandani akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Shabani, hospitali wanakupa dawa au wanakupa ujana?"

"Nyamaza, mzee, aibu."

"Aibu ya nani? Mimi sijalalamika."

Mume wangu si mtu wa maneno. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa kutazama chuma na kutikisa kichwa. Ziwa lilipokatwa hakusema kitu, na kwa muda nilimchukia kwa huko kunyamaza. Lakini ndevu zilipoota aliniona Ijumaa moja nimejificha nyuma ya jiko, nazing'oa kwa kucha, kidevu kinatoka damu. Akaingia ndani, akatoka na kioo, sabuni na wembe. Wembe siku hizo ulikuwa adimu, tulipanga foleni duka la ushirika tukirudi mikono mitupu. Yeye alikuwa na mmoja, anaunoa ndani ya glasi.

"Kaa hapa," akasema.

Akanipaka povu. Akaninyoa taratibu, amenishika kichwa kama mtoto. Halafu kwa wembe ule ule akajinyoa mwenyewe. Tangu siku ile kila Ijumaa kabla ya sala tulinyoa ndevu wawili. Katika mwaka ule wote hilo ndilo jema nililokuwa na uhakika nalo.

Sindano ya sita nilikwenda nimevaa hasira juu ya baibui. Nikamkuta yule nesi peke yake, daktari hajafika. Nikafunga mlango.

"Mwanangu, siku ile daktari alijishika kidevu. Alisema nini?"

Akageukia trei ya sindano.

"Nakuuliza wewe."

"Alisema... ni dawa ya homoni ya kiume, utaota ndevu, mama. Na sauti itakuwa nzito, na huenda isirudi. Na... mambo mengine."

"Mambo gani?"

Akajifunika uso kwa kiganja. "Ya mume na mke, mama. Alisema nikuulize kama unakubali. Niliona haya. Wewe ni sawa na bibi yangu. Ningekutamkiaje?"

Jamani. Nimelelewa kwa haya, na mimi nimelea watoto kwa haya. Lakini nilitamani kulichukua neno hilo nilitie kinuni. Nilimwambia: "Haya yako imenikalia kidevuni, na kila Ijumaa mume wangu anainyoa." Akalia. Sikumbembeleza. Kisha nikakunja mkono nikachomwa, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeambiwa, na nilichagua mwenyewe. Ningeambiwa mwanzo pengine ningechagua vile vile. Lakini ningechagua.

Sasa nije kwa waliokuwa wanaswali nami.

Kiangazi hicho, wakati wa kurina asali, alifariki mwanamke Mtendeni. Sikungoja kuitwa, sijawahi kungoja. Nilibeba kata yangu na kitambaa changu nikaenda. Mlangoni pa chumba, mbele ya pazia, akasimama Bi Tatu, kiongozi wetu wa akina mama katika misiba. Mtu mzuri, hana wivu wala fitina, anajua dua nyingi kuliko mimi. Ndiyo maana iliniuma.

"Dada, tumeonelea upumzike."

"Nani kachoka?"

"Usinifanye niseme, dada."

"Sema. Leo nataka watu waseme."

Akanong'ona: "Watu wanauliza, mwenye ndevu na sauti ya kiume ataangaliaje tupu ya mwanamke? Hatusemi wewe ni mwanamume. Tunasema hatujui. Na kwenye maiti, mtu asipojua, anajizuia."

Hatujui! Wameniona naoza mabinti, wamekula kwangu pilau la arobaini, wamenijua tangu sijaota magego, leo hawajui. Hakuna hata mmoja aliyekuja nyumbani kuniuliza. Waliona haya kuuliza, wakaona ni adabu kunifungia mlango. Nilirudi na kata yangu. Kiangazi kizima wakafa wanawake wanne, sikuitwa hata kwa mmoja.

Zamda peke yake aliendelea kuja. Alikaa nami barazani tukitafuna matobolwa, viazi vyetu vilivyochemshwa na kukaushwa, yeye akiyapenda kuliko tende za kwao. Alikuwa ameanza kukonda na kukohoa. Alijifukiza udi mwingi mno, hata nikamtania: "Shoga, unakwenda harusini kila siku?" Akacheka kidogo.

Siku moja akaniuliza, macho hayako kwangu: "Ile sindano. Mtu akikataa, inakuwaje?"

Mimi nilikuwa nimetoka sokoni, ambako mwuza dagaa kaniita mzee. Nikamjibu kwa ukali: "Usiniulize habari za sindano. Omba Mungu usiijue."

Akasema, "Haya, basi." Akachukua tobolwa jingine.

Natamani mngenisikia jinsi nilivyolisema. Kwa hiyo sauti nzito.

Mvua za kwanza ziliporudi, Zamda akafariki. Kifua, walisema watu. Kikohozi. Balozi wao wa nyumba kumi alikuwa ameandika kibali cha sanda, maana kitambaa nacho kilikuwa kwa kibali, na Rukia alitumwa kwangu asubuhi, macho mekundu. "Mama, njoo. Yule mama mwingine amekufa."

Nikafika Mtendeni. Wanawake wamejaa. Bi Tatu mbele ya pazia.

"Dada, tafadhali. Usilete ugomvi mbele ya maiti."

"Tuliahidiana."

"Najua. Lakini ahadi haiwezi..."

Rukia akapita katikati yetu ameshika daftari. Nililijua, ni daftari la kisomo, jalada lina alama ya mafuta ya taa. Akalifungua ukurasa wa mwisho akasoma, na mwandiko ni ule ule wa Zamda, herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima: "Nikifa anioshe Mama Shabani. Maji amimine Rukia. Mwingine asiingie."

"Daftari la kisomo nalo limekuwa wasia?" akauliza mmoja.

Maalim aliitwa. Alisimama upande wa pili wa mlango, tunamsikia hatumwoni. Akasomewa. Akasema, "Wasia ni wasia, hata uandikwe kwenye ganda la mti. Ila..." Akakohoa. "Ila nimesikia neno kuhusu huyu mama. Ingefaa kwanza, sijui nisemeje, kuthibitisha..."

Hata maalim alishindwa kumaliza! Ndipo nilipochoka.

"Maalim, baki huko huko uliko," nikasema. Nikafungua khanga, nikafungua gauni, mbele ya wanawake wote, nikasimama kifua wazi.

"Tazameni. Msiiname, tazameni! Hapa palikuwa na ziwa. Limenyonyesha watoto sita, na huyu Rukia wa saba. Nimeosha mama zenu, nimewafumba macho, nimewavika sanda. Ziwa langu mimi halikuoshwa wala halikuvikwa sanda, sijui hata limelala wapi. Ndevu ni za dawa. Sauti ni ya dawa. Mlitaka kujua, mngeuliza. Haya, ulizeni!"

Hiyo sauti ilijaza nyumba. Kisha bibi mmoja wa Kigogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, mwenye ruhusa ya utani msibani, akasema kutoka kona:

"Kumbe huyu mzee alikuwa na maziwa? Mpisheni, maji yanapoa."

Mtu mmoja akaangua kicheko, kisha kilio, kisha vyote. Nje maalim akasema, "Mama, osha." Bi Tatu akaliinua pazia mwenyewe.

Tukaingia, mimi na Rukia. Nikamfunika Zamda shuka, nikafunga kitambaa mkononi, nikaanza kama nilivyofundishwa, chini ya shuka, kulia kabla ya kushoto, maji yenye majani ya mkunazi. Nilipofika kifuani mkono wangu ukasimama.

Alikuwa amejifunga kipande cha khanga, kimekazwa sana. Chini yake pamba. Chini ya pamba, nilichokiona kilikuwa kikubwa kuliko changu kilivyowahi kuwa, na kimekwisha kupasuka. Udi ule wote. Kila siku udi.

Rukia akaacha kata hewani. "Mama, hiki ni nini?"

"Mimina maji."

"Mama, alikuwa na..."

"Mimina, mwanangu."

Nilimwosha. Sijapata kuosha mtu taratibu vile. Na nilikuwa na hasira, siwezi kusema uongo, nilikuwa na hasira juu ya maiti. Nilimkasirikia Zamda aliyekaa barazani kwangu akitafuna viazi, kifua kimeoza. Nikamkasirikia nesi. Nikamkasirikia Bi Tatu na wenzake, ambao mlango walionifungia mimi Zamda aliuona vizuri. Nikaendelea hivyo nikawataja wote mpaka nikafika kwangu. Aliniuliza. Aliniuliza mimi, mtu pekee mjini ambaye angeweza kumjibu, nikamwambia usiniulize.

Nikamtia kafuri. Nikamvika.

Tulipotoka, Bi Tatu aliuliza kama inavyoulizwa, "Kheri?" Nikajibu kama inavyojibiwa, "Kheri." Sheria ni sheria.

Tangu siku hiyo niliitwa tena kwenye misiba. Sindano zilipokwisha, baada ya mwaka na kidogo, nikapewa vidonge, na hivyo vilinipa joto la ghafla la kupanda mwilini kama mtu aliyefunua sufuria ya ugali. Nilitembea na kipande cha ukili nikijipepea hata msikitini. Ndevu zimepungua, Baba Shabani alininyoa mpaka alipokufa, sasa najinyoa mwenyewe. Sauti haikurudi. Mwuza dagaa bado ananiita mzee nikimwita kwa nyuma, nami humwitikia.

Lakini kuhusu Zamda nilinyamaza miaka mingi, na katika miaka hiyo nimeosha wengine. Sisemi wangapi, sisemi nilikuta nini. Nasema tu kwamba si Zamda peke yake aliyependa udi.

Mwaka huu nikamwita Rukia, naye sasa ana wajukuu. Nikamwambia nataka kuandika, bila jina, lakini bila ruhusa yake sitaandika. Akasema, "Mama, unadhani kwa nini alitaka uingie wewe, na mimi nimimine maji? Angetaka kisionekane angemwachia Bi Tatu, ambaye hufumba macho." Kisha akasema, "Andika."

Basi nimeandika. Ukiona kivimbe, sema leo, karanga zitavunwa na wengine. Ukipewa dawa, uliza itakufanya nini. Na ukiulizwa na mwenzio, hata kama umetoka sokoni, hata kama umeitwa mzee, mjibu.

Wahenga walisema mwosha huoshwa, na zamu yangu haiko mbali. Watakaoniosha ni wasichana watatu niliowafundisha mwenyewe. Sheria ya kunyamaza nimewafundisha. Lakini katika daftari langu, ukurasa wa mwisho, nimewaandikia ruhusa, nayo ni hii: Mkishanivika sanda tokeni nje, na mkiulizwa "Kheri?" msijibu kheri tu. Waambieni wanawake waliokaa mkekani mmekuta kovu upande wa kushoto na ndevu kidevuni, na kwamba mwenye navyo aliishi.